Maji ya Rangi ya Biriani

Hemed alinunua trela la farasi bila ya kuwa na farasi, na hilo peke yake liliwatosha watu kucheka kuanzia Grand Prairie mpaka DeSoto, huko Texas. Msikitini walimuuliza farasi wake huswali safu ya ngapi. Kwenye foleni ya teksi uwanja wa ndege, madereva wenzake Wahabeshi walimwigia mlio wa farasi kila alipopita. Hemed alicheka pamoja nao. Mtu aliyeosha masufuria ya hoteli, akalinda maegesho ya magari wakati wa barafu, kisha akafukuzwa kazi kwa sababu jina lake lilimshinda bosi kulitamka, haumizwi na mlio wa farasi.

Lakini sababu ya kununua trela haikuwa ya kuchekesha. Binti yao Nuha, mtoto wa pekee, alikuwa na mimba ya kwanza kule Houston, na siku zake zilikuwa zimekaribia. Kwa watu wa Mombasa jambo hilo halina mjadala: binti akijifungua, mamake huja kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia uji wa pilipili manga, kumlea yeye na kichanga chake mpaka arobaini iishe. Mkewe Hemed, Mashavu, alikuwa ameshanunua mafuta ya nazi na kanga mpya tangu mimba haijaonekana. Tatizo lilikuwa nyumba. Nuha na mumewe Riyadh, kijana wa Kizanzibari anayeendesha lori la mikate, walikuwa wakiishi katika chumba kimoja juu ya gereji ya bibi mmoja mjane. Kitanda, jiko na kochi vyote vilikuwa vikitazamana.

"Nilale pale?" Mashavu aliuliza. "Nimsikie mkwe wangu akikoroma? Asubuhi nimtazame kwa macho gani, Baba Nuha?"

"Utaweka pazia."

"Pazia lazuia masikio?"

Hoteli kwa muda wote huo ni mambo ya mawaziri. Ndipo Hemed alipoliona trela hilo kwenye shamba la mzee mmoja wa Kizungu kule Denton, mzee aliyekuwa ameacha farasi kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Nusu ya mbele ilikuwa chumba cha watu: kitanda kilichopanda juu ya kiungio cha gari, jiko la mioto miwili, sinki, kabati, na bafu lenye choo lililo kubwa kidogo tu kuliko kabati. Nusu ya nyuma ilikuwa ya farasi watatu, sakafu ya mpira na kuta za bati. Wapenda farasi wa Texas hulala humo wanapokwenda kwenye rodeo, mashindano ya kupanda farasi wakali. Hemed aliwaza: kama humfaa mcheza rodeo, atashindwaje Mashavu? Tutaliegesha uani kwa yule bibi mjane, mama alale kwake, mkwe alale kwake, heshima ibaki mahali pake.

Mashavu alilizunguka mara mbili, akagusa godoro, akanusa kabati. "Zuri," alisema. "Lakini sitoki na kitu nisichokijua mpaka Houston. Nitalala humu kwanza hapa hapa, tulione tabia zake."

Nyumba za kupanga za Grand Prairie walikoishi hazikuruhusu matrela, kwa hivyo walilipeleka uani kwa Gichuki, kule DeSoto. Gichuki alikuwa mpakizi wa mizigo kwenye ghala moja, mtu wa Nyeri mwenye mdomo usiolala, na mkewe Moraa alikuwa nesi. Urafiki wake na Hemed ulianzia kwenye gari lililozimika barabarani, ukaendelea kwa matusi ya upendo.

Asubuhi ya kwanza Mashavu alishuka kitandani, akakanyaga msala wake uliokuwa umetandikwa karibu na ukuta unaotenga chumba na mazizi ya farasi. Chwa! Msala ulikuwa umelowa.

"Baba Nuha."

"Naam."

"Mvua ilinyesha?"

"Haikunyesha."

"Basi maji haya ya nani?"

Hemed alipiga magoti, akabonyeza zulia. Maji yalipanda kati ya vidole vyake. Akavinusa, akanusa tena.

"Hebu niambie," Mashavu alisema, mikono kiunoni, "haya maji yapita kwa farasi ama hayapiti? Maana kama yatoka chini ya yale mapira waliyokojolea miaka yote, mimi hapa siswali, na nisiposwali silali."

"Ni maji tu, Mama Nuha."

"Maji tu yana kwao. Nitafutie kwao."

Akaukunja msala, akaenda kuswali sebuleni kwa Moraa. Hemed akabaki na vidole vyake vilivyolowa.

Siku hiyo hiyo alimwita Gichuki. Wakaingia kwenye mazizi, wakang'oa yale mapira mazito kama mizoga, wakayaburuta uani. Gichuki aliazima mashine ya kuoshea kwa maji ya nguvu, wakasugua sakafu, kuta, kila kona, kwa sabuni, kisha kwa dawa, kisha kwa sabuni tena, mpaka bati likang'aa na majani ya uani yakawa na povu. Maji yote yalikimbilia kwenye tundu la katikati na kudondoka chini ya trela. Ukutani mwa chumba halikupenya tone.

"Mzee Hemed," Gichuki alisema akijifuta jasho, "hapa hata mimi naweza kula ugali kwa hii floor."

"Wewe hula popote, hiyo si sifa."

Usiku huo Mashavu hakulala kwenye trela. Alirudi Grand Prairie kufua nguo. Asubuhi Hemed alikuta zulia kavu kabisa. Akampigia simu kila mtu. Akampigia hata Nuha: "Mwambie mumeo achore mahali pa kuegesha, mamako yuwaja!" Mashavu akahamia tena na vikapu vyake. Asubuhi iliyofuata, chwa.

Ikawa zamu ya paa. Hemed aliamini kwamba maji yaliyo chini lazima yatoke juu, na mtu akiamini hivyo humwondoi kwenye ngazi. Alipanda na silikoni, akaziba kila kiungo, kila skrubu, kila ukingo wa dirisha la hewa. Alipoishiwa akashuka kununua nyingine. Gichuki alikaa kwenye kiti cha uani akimtazama.

"Mzee, ukiongeza hiyo kitu tena tutaweka mishumaa, iwe keki."

"Nyamaza, ushike bomba."

Walijaribu kwa utaratibu, na hilo halikuwa wazo baya: Gichuki alimwaga maji kuanzia chini ya ukuta, akapanda pole pole mpaka juu, ili yakiingia ijulikane yameingia wapi. Hemed alikaa ndani na tochi, shati limemganda kwa joto la Texas, akipapasa kuta kama daktari. Kukavu. Wakamwaga paani mpaka jirani akachungulia kwa ua wake. Kukavu. Jioni Mashavu alilala, asubuhi msala ukalowa.

Ikawa zamu ya mabomba. Hemed alifungua makabati, akatoa droo, akavika kila kiungo karatasi ya chooni ili palipovuja paonekane. Akawasha pampu, akafungua sinki, akafungua bafu akayaacha maji yakimiminika juu ya lile sinia la plastiki lililokuwa sakafu ya bafu, akalitazama kwa muda mrefu kama anayechemsha maziwa. Karatasi zote zikabaki nyeupe. Akavua viatu, akasimama katikati ya sinia, akajimwagia maji na suruali yake. Akashuka akapapasa zulia. Kavu.

"Labda ni jini," Gichuki alisema. "Jini wa cowboy."

"Usimtaje mbele ya Mama Nuha, ataondoka sasa hivi."

Mashavu aliyasikia yote kupitia dirishani. Hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya trela na simu sikioni, na upande wa pili alikuwa Nuha. Hemed alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. "La, mwanangu… Babako ashughulika… Miguu imevimba? Iinue… Sijui. Sijui, Nuha. Kama halikauki, nitafanyaje? Siwezi kumtoa mtoto wa watu kwake, na siwezi kuingia chumbani mwake." Kisha akasikiliza. Kisha: "Huyo jirani wa Kisomali ni mwema, naam. Anajua kukanda?"

Alikata simu. Aliingia jikoni kwa Moraa, akaanza kukaanga vitunguu vya biriani, vingi kuliko mahitaji ya waliopo. Hemed alimfuata, akasimama mlangoni.

"Mimi nilipomzaa Nuha," Mashavu alisema bila kugeuka, "mamangu alinikanda mpaka mikono yake ikavimba. Nililia, nikamtukana, naye akakanda tu. Sasa mwanangu akandwe na mwanamke aliyejuana naye kwenye mashine za kufulia nguo."

"Utakwenda."

"Na nini? Na ile beseni yako yenye magurudumu?"

Macho ya Hemed yalikuwa yametua kwenye kichupa cha rangi ya biriani kando ya jiko, ile ya unga, ya manjano inayokaribia nyekundu, ambayo ukiigusa na kidole huenda nayo kazini siku mbili. Akakitazama. Akamwangalia mkewe alivyozama kwenye vitunguu. Akakichukua, akatoka nacho mfukoni.

Hesabu yake ilikuwa nzuri. Kama maji yatoka nje, kwa mvua, kwa umande, kwa farasi au kwa jini, yatakuja meupe. Kama yatoka kwenye tenki la maji la trela lenyewe, yatakuja na rangi. Alifungua mdomo wa tenki, akamimina kichupa kizima, akafunga. Alilokosea ni dogo. Simu ya kazi ililia, kulikuwa na abiria wa kwenda Lewisville, akaruka kwenye gari, na katika kuruka huko akasahau kumwambia mkewe.

Aliporudi jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa. Gichuki alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi. Hemed alidhani amezirai, akamkimbilia, kumbe alikuwa akicheka na sauti imemwishia. Alinyoosha kidole tu.

Mashavu alikuwa amesimama mlangoni mwa trela, amejifunga kanga mbili. Uso wake ulikuwa wa manjano. Mikono ilikuwa ya manjano mpaka mabegani, na nyayo, na masikio. Ni macho tu yaliyokuwa na rangi yake ya kawaida, nayo yalikuwa yakimtafuta mtu mmoja.

"Hemed bin Swafwani," alisema. Alipoliita jina lake na la babake, mambo yalikuwa yameharibika. "Umenitia nini?"

"Si wewe, Mama Nuha, ni tenki…"

"Mimi ndimi niliyeoga!"

"Nilitaka kukwambia, simu ikalia."

"Na mimi nikajisabuni nikidhani ni mwanga wa taa. Nimejisugua, nikazidi kuwa biriani. Sasa mjukuu wangu azaliwe aone nini? Ataomba arudi alikotoka."

Gichuki, kutoka kwenye nyasi: "Mama, umependeza. Kama bibi harusi wa Kihindi."

"Na wewe nyamaza, nitakuja kukupaka!"

Lakini alikuwa ameanza kucheka, kwa hasira, ile hasira inayoteleza. Akajifuta uso kwa pembe ya kanga, akasema kwa sauti nyingine: "Haya njoo utazame. Zulia lako nalo limeoga."

Hemed aliingia. Karibu na ukuta wa mazizi, pale pale pa siku zote, zulia lilikuwa na duara la manjano, linalong'aa, linalozidi kupanuka. Akapiga magoti. Hakuwahi kufurahi hivyo kwa kuona uchafu.

"Ni maji yetu," alisema. "Mama Nuha, ni maji yetu wenyewe! Si farasi!"

"Alhamdulillahi. Lakini yapita wapi?"

"Bafuni. Wewe umetoka kuoga, na kila usiku waoga kabla ya kulala. Lakini…" Akasita. "Mimi nilioga humu, na suruali yangu. Halikutoka tone."

"Wewe waoga?" Mashavu alisema. "Wewe wasimama katikati kama nguzo ya stima, wajimwagia, watoka. Huko si kuoga, ni kunyeshewa."

"Na wewe waogaje?"

Walikuwa wameoana tangu Nuha hajafikiriwa, na Hemed alijua mkewe hupenda chai ya namna gani, hulala ubavu upi, huchukia redio gani. Jinsi alivyooga hakuijua. Bafuni mlango ulikuwa ukifungwa, na maji yakisikika.

Mashavu alitazama chini. "Kwa kigoda," alisema.

Alikuwa nacho nyuma ya mlango, kigoda kidogo cha mbao cha miguu mitatu, alichokuja nacho kutoka Mombasa ndani ya begi la mkononi wakati wengine walikuja na samaki wakavu. Aliketi juu yake, ndoo mbele, kopo mkononi, kama alivyofundishwa na mamake. Katika trela alikiweka pembeni ya sinia, kwa sababu mlango ulifungukia ndani na ndoo ilitaka nafasi.

Hemed alikichukua kigoda. Akakiweka pale pale pembeni. Akaketi, na viatu vyake.

"Gichuki! Ingia chini ya trela!"

"Na nguo za kazi?"

"Ingia, wewe mtu!"

Wakasikia nyasi zikilalamika. Mashavu alijaza kopo maji safi ya bomba la uani, akammwagia mumewe miguuni, na kwa kuwa nafasi imepatikana, kichwani pia.

"Iko!" Gichuki alipiga kelele kutoka chini. "Mzee, iko! Inatiririka kama bomba! Inanidondokea shingoni!"

Hemed akanyanyuka. "Sasa?"

"Imeacha!"

Akaketi. "Sasa?"

"Imeanza! Kaa hapo! Aisee, usikae hapo!"

Walipolitazama sinia kwa tochi kutoka upande, waliona. Chini ya katikati wajenzi walikuwa wameweka ubao, lakini pembeni hapakuwa na kitu, plastiki nyembamba tu inayoning'inia. Miguu mitatu ya kigoda ilikuwa imepatia ufa mrefu kama unywele. Ukisimama katikati, ufa umefumba. Ukiketi pembeni, ufa wafungua mdomo. Maji yakapita chini ya zulia, yakafuata mteremko wa trela mpaka ukutani mwa farasi, yakajilaza pale kama yametoka huko.

Hemed alitaka kushangilia, akamwona mkewe. Mashavu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono ya manjano mapajani.

"Kwa hivyo ni mimi," alisema.

"Si wewe. Ni plastiki."

"Ni mimi na kigoda changu. Umepanda paa jua kali, umeng'oa mapira, mkono wako una malengelenge, na muda wote ni mimi niliyekaa humo ndani nikipasua."

"Mama Nuha, wewe wafanya ulivyofanya maisha yako yote. Mimi ndimi niliyezunguka paani kama paka. Niliuliza silikoni, niliuliza mabomba, nilimuuliza mpaka yule Mzungu wa Denton kwa simu. Wewe ulikuwa hapa, nami sikukuuliza."

Mashavu alikunja ncha ya kanga. Kisha akasema, polepole zaidi: "Ningesimama. Lakini magoti yangu hayasimami tena, Hemed. Mwaka huu wote. Kigoda si desturi tu. Nikisimama bafuni natetemeka, nashika ukuta."

"Mbona hukusema?"

"Ukisikia wewe, asikia Nuha. Nuha akisikia, ataniambia mama usije, utaumia. Na mimi nataka kwenda."

Hemed aliketi kando yake. Suruali yake ililowesha godoro, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyejali maji yametoka wapi. Alimshika mkono. Ulimwachia rangi kwenye kiganja.

Walipiga kiraka jioni hiyo hiyo: gundi ya boti, kitambaa cha nyuzi za kioo, na vipande vya mbao Gichuki alivyovisukuma chini ya pembe. Kopo la gundi liliandikwa kiraka kiachwe kikauke vizuri kabla ya kukilowesha. Hawakupata nafasi hiyo. Alfajiri simu ililia, naye alikuwa Riyadh, sauti imepanda juu kama ya mtoto. "Baba, shikamoo, uchungu umeanza, tunakwenda hospitali, Mama yuko njiani?"

"Yuko njiani," alisema Hemed, na mkewe bado alikuwa akitafuta kiatu.

Gichuki ndiye aliyekuwa na pikapu ya kuvuta trela. Alipiga simu kazini akasema amepata dharura ya kifamilia, na alipoulizwa familia gani akajibu, "Ya farasi." Wakashika barabara ya Houston watatu mbele, Mashavu katikati akiwa na kikapu cha mafuta na kanga mapajani, amejitanda buibui mpaka kwenye nyusi ili watu wa vituo vya mafuta wasiuone uso wake. Kabla hawajafika Huntsville mvua ilianguka, ile ya Texas, inayomwagwa kwa mapipa. Hemed alisimamisha gari, akakimbia nyuma, akarudi amelowa na meno nje.

"Paa halivuji hata tone!"

"Baada ya silikoni yote hiyo," Gichuki alisema, "hiyo paa itavuka bahari."

Walikuwa hawajafika Houston Riyadh alipopiga tena. Mvulana. Mzima, mama mzima. Mashavu aliishika simu kwa mikono miwili, akasema, "Mwambie nipo. Mwambie nakuja," akairudisha, akatazama dirishani kwa muda mrefu, na machozi yalipomshuka yalimwachia mistari kwenye manjano ya mashavu.

Walifika uani kwa bibi mjane, wakaegesha chini ya ngazi za gereji. Riyadh angewaleta mama na mtoto siku ya pili, na Mashavu hakutaka kuonekana hospitalini na uso ule. Hemed aliingia bafuni kutazama kiraka, akakaa humo zaidi ya inavyohitajika kutazama kiraka. Mtikisiko wa barabara ulikuwa umemaliza kazi. Sinia lilikuwa limepasuka kutoka pembe hadi pembe, na vipande vyake vilikuwa vikipigana makofi.

Mashavu alilitazama kutoka mlangoni. Hakupiga kelele. "Basi," alisema. "Mzazi hashikwi na mikono ya safari. Lazima nioge, na niwe nikioga kila siku. Na huko juu bafu lao ni la chumbani mwao."

Siku ya pili Riyadh alifika, akamsaidia Nuha kupanda ngazi, kisha akashuka mbio. Hakumtazama mkwewe usoni. Aliitazama ardhi karibu na viatu vyake, kama inavyotakiwa, na labda kwa bahati njema, maana angeuona uso ule angesahau maneno.

"Mama, shikamoo. Baba kanieleza kuhusu bafu. Mimi nishapanga. Nitakwenda kulala kwa mwenzangu wa kazini mpaka arobaini iishe. Chumba ni chenu."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto wako ana umri gani?"

"Ana… jana, Mama."

"Na wewe wataka kumhama leo?"

Riyadh alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala, na kwenye bega la shati lake kulikuwa na doa dogo la maziwa. Mashavu aliliona doa hilo. Akageuka, akaenda polepole kwa sababu ya magoti yake mpaka nyuma ya trela, akafungua komeo la mlango wa farasi, akatazama ndani. Sakafu safi, bati linang'aa, tundu la maji katikati, vishikio vya chuma ukutani kila upande kwa urefu wa kiuno, vya kufungia hatamu. Akashika kimoja, akakivuta kwa uzito wake wote. Hakikutikisika.

"Baba Nuha," aliita. "Hawa Wazungu wana akili gani? Binadamu wamemwekea sahani, farasi wakamwekea bafu."

Hemed alikuja kutazama. Gichuki alikuja nyuma yake. Kila mmoja alikumbuka saa alizomaliza humo akisugua.

"Kwangu mimi pasafi," Mashavu alisema. "Nileteeni kigoda changu, na shuka ya kufunga mlangoni. Na wewe Riyadh, kama hujachoka sana, maji ya moto."

Riyadh alipanda ngazi mbili mbili. Akarudi na ndoo inayofuka moshi, akaiweka chini ya shuka bila kuinua macho, akageuka akakaa kwenye kidato cha chini cha ngazi, mgongo kwa trela, kama mlinzi. Hemed akakaa kando yake. Kutoka ndani walisikia kopo likigonga ndoo, na maji yakishuka kwa tundu, yakidondoka kwenye changarawe, ya manjano mwanzoni, kisha meupe.

"Baba," Riyadh alinong'ona, "yale maji mbona…"

"Mkeo atakusimulia," alisema Hemed. "Mimi nimekatazwa."

Mashavu alitoka na kanga mpya, bado ana manjano masikioni, akazipanda ngazi moja moja akishika ukuta, na wanaume watatu wakajifanya wanaangalia magurudumu. Mlango wa juu ulifunguka. Wakasikia sauti ya Nuha, "Mama! Umefanya nini uso?" kisha kicheko, kisha kilio cha Nuha cha mtu aliyekuwa akikizuia tangu jana, kisha mtoto naye akajiunga kwa nguvu zake zote. Ilipita kitambo. Dirisha likafunguliwa, na mkono wenye rangi ya biriani ukatokeza.

"Nyinyi mlioko chini, kazi imeanza! Maji ya kukandia, ndoo mbili, ya moto sana. Gichuki, usile hayo mandazi ya kikapuni, ni ya mzazi!"

Hemed aliinuka, akaokota ndoo.